Vidole vya Shaba

Nyumbani kwa Desmond Sugden, mtu haingii chumba cha mbele na shaba. Funguo, sarafu, saa ya mkono, pete, hata mkanda wa suruali ukitiliwa shaka, vyote huvuliwa ukumbini na kuachwa kwenye bakuli. Sheria hiyo iliwekwa na mkewe, Hilary, na Hilary hana mzaha nayo. Shaba na mpira havipikiki chungu kimoja. Shika shaba, kisha shika mpira mweupe anaotengenezea nguo: leo hutaona kitu. Kesho au keshokutwa vidole vyako vitajitokeza vyenyewe pale ulipogusa, rangi ya chai kavu, na sabuni ya kuvitoa haijatengenezwa.

Mwanamke wa kazi hiyo angeolewa na mwoka mikate, pasingekuwa na neno. Hilary aliolewa na mpiga tarumbeta. Tena si lile dogo la kutia mfukoni, ni lile nene la shaba lenye tumbo, linalopakatwa kama mtoto mwenye homa. Desmond alilipuliza katika Bendi ya Cragden, mji wetu mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, kama baba yake alivyolipuliza, na tangu Hilary aanze kazi yake, lile dude lililala nje kwenye banda la makaa. Kila alipotoka kulisugua, Desmond alinawa mikono kama daktari, akarudi ndani akiwa amenuna.

Kazi ya Hilary ilikuwa nguo za mpira za kupimiwa. Mteja alipimwa shingo, kwapa, paja, kifundo cha mguu, mahali ambapo hata mama yake mzazi hajawahi kupima, kisha mpira mwembamba ukakatwa, ukagundishwa, ukabingirishwa, na mtu akaingia ndani yake kwa msaada wa poda na subira. Akitoka hapo anang'aa kama aliyechovywa kwenye rangi. Walianza kwa mteja mmoja wa Leeds. Sasa maagizo yalitoka Berlin, Lisbon, na mengine kutoka vijiji vya jirani, yakiandikwa kwa majina ya uongo. Kila nguo ilikuwa na kibandiko kidogo shingoni: *Sugden*.

"Ungeandika jina la baba yako," Desmond aliwahi kusema.

"Baba yangu aliitwa Clegg. Nani atanunua gauni la Clegg?"

"Na nani kakwambia Sugden ni jina la matako wazi? Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa!"

"Basi angekufundisha kazi nyingine, mpenzi, maana ile ya mazulia imefungwa."

Kiwanda cha mazulia kilikuwa kimemtoa na saa ya ukutani na shukrani, na sasa mkate wake ulitoka katika chumba cha mbele. Yeye ndiye aliyefunga vifurushi, akapeleka posta, akafagia poda. Lakini kwenye bendi, walipomwuliza mkewe anashona nini siku hizi, jibu lake lilikuwa moja miaka yote: makoti ya mvua. Huku kwetu Cragden mvua hainyeshi, inaishi, kwa hiyo jibu lilikuwa halina kasoro. Wenzake walitikisa kichwa na kusema kumbe mke wa Des amepata kazi ya maana.

Mwingine katika nyumba hiyo alikuwa Tasneem, binti wa Javed Rafiq dereva, ambaye hakulala pale ila alikuwa hapo kutwa. Tasneem alikuwa mwanamke wa thelathini na kitu, mfupi, mwenye mikono midogo na ulimi usiolala. Mshono wa mgongoni, ule unaopinda kufuata kiuno, Hilary mwenyewe aliuharibu mara moja katika kila mara tatu. Tasneem hakuuharibu. Kila asubuhi alivua bangili zake za dhahabu, moja moja, zikalia ndani ya bakuli ukumbini, kisha akasema, "Haya Anti Hilary, leo tunamvisha nani tunamvua nani?"

Gauni lililoleta balaa lilikuwa la harusi. Bibi harusi, Imogen Whitworth, alikuwa daktari wa meno kutoka Harrogate, msichana mchangamfu aliyetaka kuolewa ndani ya mpira wa rangi ya maziwa, mikono mirefu, mkia ukiburuta. Miongoni mwa wageni wake wa Jumamosi angekuwepo mwanamke mwenye duka kubwa Manchester. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha sema kwa simu: akiliona gauni likitembea, likikaa, likicheza, naye akaridhika, ataagiza rafu nzima. Na akiagiza rafu nzima, Hilary atakodi ghorofa ya juu ya kiwanda cha zamani cha pamba, apate meza ndefu na madirisha, aajiri wanawake wengine wanne. Asipoagiza, watabaki kugongana viwiko chumba cha mbele mpaka uzee uwakute humo.

Jumatatu Imogen alikuja kulijaribu, akiwa na mama yake.

Bi. Whitworth alisimama ukumbini akitazamana na bakuli. "Pete yangu ya ndoa pia?"

"Pia," alisema Hilary.

"Haijatoka tangu niolewe."

"Basi utasubiri jikoni, mpenzi."

Pete ilitoka. Huko ndani walimpaka Imogen poda, wakamwingiza gauni taratibu, wakamfunga, wakampaka mafuta ya kung'arisha, na Tasneem akapiga hatua nyuma. Hata mimi ninayesimulia, ambaye si mtu wa kusifu sifu, nasema lilikuwa zuri. Mwanga wa dirishani uliteleza juu yake kutoka begani hadi sakafuni. Imogen alijitazama kwenye kioo, akaanza kulia.

"Usidondoshe machozi kifuani," Tasneem alimwambia. "Yanaacha njia."

Bi. Whitworth alilizunguka gauni. "Hivi hili ni la kuolewa," aliuliza, "au la kuoshea gari?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Kasisi naye atauliza."

Desmond aliingia wakati huo na sinia la chai, jicho likiwa dirishani kwa heshima. Bi. Whitworth alipokea kikombe. "Na huyu bwana?"

Hilary alikuwa na kalamu mdomoni na akili mgongoni mwa gauni. "Huyo? Huyo mfunga vifurushi wangu."

Alikusudia kuongeza kitu, lakini kalamu ilikuwa mdomoni, na ilipotoka neno lilikuwa limekwisha poa. Desmond aliweka sinia chini akarudi jikoni, akakaa na kikombe chake. Mfunga vifurushi. Ndoa ya miaka yote ile, na mbele ya mama mwenye kofia.

Jumanne Hilary na Tasneem walikwenda Leeds kununua gundi na mpira. Mvua ilinyesha, banda la makaa likavuja, na Jumapili ilikuwa siku ya mashindano ya bendi. Desmond akaliingiza tarumbeta jikoni. Akatandika gazeti, akalisugua kwa dawa na kitambaa mpaka akaona uso wake tumboni mwake, umevimba. Akiwa katikati ya kazi, simu ya chumba cha mbele ikalia. Akajifuta kwenye suruali, akaenda. Alikuwa mtu wa posta. Alipoweka simu chini na kugeuka, gauni lilikuwa pale, juu ya sanamu la kujaribishia nguo lenye magurudumu, limemgeuzia mgongo.

Sijui ni shetani gani aliyempitia. Alikuwa amelipita gauni lile mwezi mzima akitazama ukuta. Sasa hapakuwa na mtu wa kumwona akitazama, akatazama. Alitazama mshono wa kiunoni ulivyopinda, akaona kazi ya mkewe kwa mara ya kwanza, yeye aliyefunga mamia ya vifurushi vyake. Kichwani alikuwa na waltzi, ile dansi ya kuzungukana, ambayo bendi ilikuwa inaifanyia mazoezi, akaanza kuiimba kwa pua, sehemu yake yeye, ile ya chini. Mkono wa kulia ukaenda mgongoni mwa gauni. Wa kushoto ukashika pindo la mkono wake mrefu, ukauinua. Magurudumu yalikuwa mepesi. Wakazunguka meza, wakapita dirishani, wakazunguka tena, mzee wa miaka sitini na mbili na bibi harusi asiye na kichwa. Kisha gari likapiga breki nje, Desmond akalirudisha mahali pake, akakimbilia jikoni. Mikono hakuikumbuka hata kidogo.

Alhamisi asubuhi Hilary alipiga ukelele uliomtoa Desmond bafuni na povu shavuni.

Mgongoni mwa gauni, juu kidogo ya kiuno, palikuwa na kiganja kizima: vidole vitano vimetanuka, rangi ya kahawia. Kwenye pindo la mkono, alama nne zaidi na ya dole gumba. Hilary alikuwa amesimama na kitambaa ambacho alijua fika hakitasaidia kitu.

"Keshokutwa," alisema. "Harusi ni keshokutwa."

Tasneem ndiyo kwanza alikuwa anaingia, bangili zikilia ndani ya bakuli. Hilary aligeuka. Huwezi kujua mtu ana hasira kiasi gani mpaka uone anavyosema taratibu.

"Ulizivua jana, na juzi tuliporudi?"

"Nini, Anti?"

"Bangili."

Tasneem alitazama gauni, akatazama bakuli, akaelewa. "Nimezivua kila siku ya Mungu tangu nianze hapa. Unazisikia mwenyewe. Mpaka jirani anazisikia."

"Dhahabu ina shaba ndani yake."

"Ndiyo maana navua! Anti, tazama basi." Alipeleka mkono wake mdogo karibu na ile alama, bila kugusa, vidole vimetanuliwa. "Tazama. Huu mkono wangu huu?"

Hilary hakutazama. Alitazama dirishani.

"Nenda nyumbani, Tasneem."

"Nipumzike, au nisirudi?"

"Nenda nyumbani nimesema."

Desmond alikuwa mlangoni na taulo. Povu lilikuwa linakaukia usoni. Alifungua kinywa, na wallahi alikusudia kusema. Lakini aseme nini? Kwamba aliingiza tarumbeta ndani? Hilo lingesemeka. Ila lingefuata swali, na mkono wako ulikwenda kufanya nini mgongoni mwa gauni, na jibu la swali hilo mwanamume wa Cragden halitoi hata akining'inizwa kwa miguu. Kinywa kikafungwa.

Tasneem alivaa bangili zake pale ukumbini, moja moja, bila haraka. "Anko Des," alisema alipompita, "una povu sikioni." Akafungua mlango akaenda zake, kichwa juu, ila shingo yake ilikuwa imesimama kama ya mtu anayejizuia kulia.

Kutwa nzima Hilary alikata na kugundisha. Kipande cha mgongo cha kwanza kilipinda. Cha pili kilishika hewa ndani ya mshono, kikatoa kipele kirefu. Desmond alimwuliza kama atakunywa chai. Hilary alisema mpira wa rangi hiyo uliobaki unatosha kipande kimoja tu, na kama anataka kusaidia, asipumue karibu.

Saa moja jioni, jua la Juni likiwa bado juu ya mapaa, Desmond alikwenda mazoezini. Alikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki. Akakaa kwenye kiti chake, akapuliza, na ile waltzi ilipofika akakosa kuingia. Bwana Lumb, kiongozi wa bendi, aligonga kijiti.

"Des! Tarumbeta lako limelala au wewe?"

"Samahani, Bwana Lumb."

"Tumbo lote hilo na hewa huna?"

Watu walicheka. Walirudia, akakosa tena. Kila ilipofika sehemu ile ya chini, mkono wake wa kulia ulihisi kitu laini.

Walipokuwa wakifunga, mlango ulifunguliwa akaingia Javed Rafiq, ambaye gari lake ndilo huwabeba kwenye mashindano. Alikuja kuuliza Jumapili watoke saa ngapi. Akajibiwa, akaandika kiganjani, lakini hakuondoka. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Bwana Des," alisema, "mimi sitaki ugomvi na mkeo. Mke wako ametutendea wema. Lakini binti yangu hajala tangu asubuhi. Na mama yake naye amevua bangili zake zote, kaziweka kabatini, anasema dhahabu ya nyumba hii imetutia aibu. Zile za harusi yake, Bwana Des. Mimi nauliza tu kama mwanamume kwa mwanamume. Una hakika ni Tasneem aliyelichafua lile gauni la harusi?"

Watu ishirini na kitu waligeuka, wakiwa na matarumbeta nusu sandukuni.

"Gauni gani la harusi?" aliuliza Norris, mzee wa tromboni. "Des, si makoti ya mvua?"

Hapo ndipo Desmond Sugden alipofika njia panda. Angesema tu, ndiyo, makoti ya mvua, huyu amechanganya mambo. Javed angeonekana mwongo, angevaa kofia yake angetoka, na kesho Desmond angeendelea kuwa mtu wa heshima. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi. Akamwona Javed anavyozungusha ile kofia.

"Si makoti," alisema.

"Nini?"

"Si makoti ya mvua! Hayajawahi kuwa makoti!" Alikuwa anapiga kelele sasa, na sauti yake aliiona ngeni. "Mke wangu anatengeneza nguo za mpira. Zile za kubana. Zile... zile ambazo mnazijua. Zina jina langu shingoni. Na gauni la harusi hakulichafua Tasneem, nimelichafua mimi, kwa mikono ya kusugulia dude hili hapa, na asubuhi nilisimama pale namtazama mtoto wako anafukuzwa, Javed, nikanyamaza kama gogo."

Alikaa. Alikuwa akingoja dari limwangukie.

Norris alikohoa. "Des, kijana. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Ya nguo. Miaka yote. Kwani huwa unadhani vifurushi vinapitia wapi? Binti yangu yuko posta."

"Mimi ninayo fulana moja," alisema mpiga ngoma kutoka nyuma, mtu wa makamo mwenye kitambi. "Nyeusi. Nimevaa mara mbili. Mkeo alinipima mwenyewe, wewe ukiwa dukani."

Desmond alimtazama Bwana Lumb. Bwana Lumb alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyevua tai hata kiangazi. Bwana Lumb alikuwa amegeuka mwekundu mpaka masikioni na alikuwa akipanga karatasi zake za muziki kwa uangalifu mkubwa.

"Bibi Lumb," alisema, "ana mavazi... fulani. Ya sikukuu. Jambo hilo halihusiani na bendi."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tulikuwa tunakustahi, kijana," alisema Norris. "Ulivyokuwa unajitahidi na yale makoti yako, nani angekuwa na roho ya kukukatiza?"

Kikawa kicheko, si kidogo. Walicheka mpaka mmoja akakalia kofia yake. Mpiga ngoma aliuliza kama watu wa bendi wanapunguziwa bei. Desmond naye angecheka, ila Javed hakucheka. Javed alikuwa amesimama vilevile.

"Umeyasema haya hapa," alisema Javed. "Sasa kayaseme panapohusika."

Umbea wa Cragden unatembea kwa miguu mirefu kuliko ya Desmond. Alipofika nyumbani Hilary alikuwa amesimama chumba cha mbele karibu na gauni, mikono pembeni, simu mezani.

"Bibi Lumb amepiga," alisema.

"Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Uliingiza tarumbeta ndani."

"Banda lilivuja."

"Sikuulizi banda. Njoo hapa. Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Kanawe tena."

Akaenda, akarudi. Hilary alimshika kifundo cha mkono wa kulia, akausogeza mpaka mbele ya ile alama ya mgongoni, pasi na kugusa. Vidole vilienea kama mguu kwenye kiatu chake. Akauchukua wa kushoto akaupeleka kwenye pindo la mkono wa gauni, juu, usawa wa bega. Akarudi nyuma akamtazama mumewe amesimama hivyo.

"Ulikuwa unacheza nalo," alisema.

Shingo ya Desmond ilijibu, maana ilikuwa nyekundu.

"Hivi ndivyo ulivyonishika mimi. Mwaka ule, ukumbi wa dansi juu ya soko. Kidole kidogo umekiweka mbali na wenzake, vilevile." Sauti yake ilianza kukatika. "Mimi huniambii hata nguo yako imependeza. Unapita humu kama mtu anayepita makaburini. Halafu nikienda Leeds unacheza waltzi na nguo ya daktari wa meno."

"Hilary..."

"Nyamaza. Nilijua." Alikaa kwenye kiti cha Tasneem. "Hapo ndipo pabaya. Leo asubuhi nilijua. Mkono mkubwa kama ule, nani mwingine? Mtoto wa watu ananiambia tazama, nami natazama dirishani, kwa sababu nikitazama lazima nikuulize wewe, nami sikutaka kujua jibu. Nilidhani ulifanya kusudi. Nilidhani ulitaka kuniharibia."

Desmond alishtuka kweli. "Nikuharibie? Mimi?"

"Si nilikuita mfunga vifurushi?"

Kumbe alikuwa analijua na hilo. Siku zote hizo kila mmoja alikuwa na neno lake kooni, na aliyelipa ni Tasneem. Hilary alilia, mara hii kwa sauti, na Desmond alisimama hajui aweke wapi mikono, maana palipo karibu palikuwa na mpira. Mwishowe alimshika begani.

Hilary alijifuta pua. "Vaa koti. Twende kwa Rafiq."

"Mimi pia?"

"Wewe hasa."

Nyumba ya Javed ilikuwa mtaa wa chini. Bibi Rafiq alifungua mlango, mikono yake haina kitu, na Hilary alipoiona akasahau alichopanga kusema. Wakakaribishwa sebuleni, wakaketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, wakaletewa chai nzito ya maziwa na sambusa. Javed alikaa pembeni. Tasneem akachukua muda wake huko juu. Wageni wakala sambusa, wakasifu sambusa, wakamaliza kusifu, ikabaki saa ya ukutani ikisema peke yake.

Tasneem alishuka, akakaa mkabala nao, akajiwekea sukari.

"Nimekuja kukuomba radhi," Hilary alianza. "Nilikufukuza bila kosa, nami moyoni nilijua huna kosa. Hilo ni baya kuliko kukosea. Sitakuomba urudi kabla hujaniambia kama umenisamehe."

"Na Anko Des?" Tasneem aliuliza, akikoroga.

Desmond akasema. Alisema yote, tarumbeta, mvua, simu. Alipofika kwenye magurudumu sauti ilizama, Bibi Rafiq akamwuliza mumewe kwa Kipunjabi amesemaje, Javed akamfasiria, na Bibi Rafiq akafunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Desmond aliona ni kilio, mpaka kicheko kikamponyoka mama wa watu, na alipoanza hakuweza kuacha.

"Na sanamu?" alisema Bibi Rafiq akifuta machozi. "Lisilo na kichwa?"

"Lisilo na kichwa, mama," Desmond alikiri.

Tasneem hakucheka, ingawa ilimbidi ayang'ate mashavu. "Nitarudi," alisema. "Si kwa ajili yenu. Imogen hana kosa, na ule mgongo, Anti, ukiachiwa wewe utamvisha nundu. Tutaanza sasa hivi maana gundi inataka muda wa kukauka. Bei yangu tutaizungumza tukiwa kiwandani juu, mbele ya hao wanawake wanne, wasikie. Mama, kavae bangili zako, sitoki mpaka nikuone."

Hilary aliitikia kila kitu. Tayari alikuwa ameshanyanyuka.

"Bado." Tasneem alimgeukia Desmond. "Anko Des, mimi nimefanya kazi nyumba ile siku zote hizi sijasikia neno hata moja kutoka kwako kuhusu tunachofanya. Umelikumbatia gauni langu. Umelizungusha meza nzima. Sasa sema mbele ya mama na baba: lilikuwaje?"

Desmond alitazama sambusa. Alitazama Javed, na Javed akainua mikono kama anayesema usiniangalie mimi. Mwanamume wa Cragden akiulizwa kuhusu kitu kizuri husema si kibaya, na akisukumwa sana husema nimeona vibaya zaidi. Maneno yote mawili yalimjia, akayameza.

"Zuri," alisema.

"Hatukusikia."

"Lilikuwa zuri! Sijawahi kushika kitu kizuri hivyo, na nilisikia uchungu kwamba kimefanywa na mke wangu nami sijui la kumwambia. Basi."

Hilary, aliyekuwa amekwisha simama na mkoba begani, alikaa tena polepole. Gundi ilikuwa inangoja, mpira ulikuwa kipande kimoja, na Jumamosi haikuwa na huruma ya mtu.

"Sema tena," alimwambia mumewe.